Mapigo Kiganjani

Isevya, Tabora
9 Agosti 1951

Dada yangu mpendwa Koleta,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo nyingi kutoka kwangu mdogo wako. U hali gani huko Urambo? Na shemeji Ambrosi, lile goti limemwachia? Sisi ni wazima. Wifi yako Eustadia anakuamkia. Jioni miguu humvimba kidogo, lakini anakula vizuri na kunikemea vizuri. Najua unangojea nikutajie siku ya wewe kuja huku. Nitalifikia hilo, dada, ila nivumilie kwanza.

Tangu ile homa ya uti wa mgongo iliponiziba masikio mwaka juzi, useremala haukunishinda. Kilichonishinda ni kusema. Siku moja nilimsalimu mtu kanisani, nikaona vichwa vyote vimegeuka na watoto wanacheka. Sikujua nimepaza sauti kiasi gani. Tokea hapo nikafunga mdomo, hata nyumbani. Eustadia huniandikia kwa penseli yangu juu ya vipande vya mbao, nami nikawa namjibu kwa kichwa.

Mimba ilipoonekana, nikajitenga. Akivuta mkono wangu auweke tumboni, nauondoa, najidai una vumbi la mbao. Nilimwona yule kuwa ni mtoto wa watu wenye masikio.

Mwezi wa sita nilimpeleka kliniki kwa baiskeli, nikabaki nje kama wanaume wote. Mkunga, Mama Siwema, mwanamke wa Itetemia asiyembembeleza mtu, akatoka, akanishika mkono wa shati, akaniingiza ndani. Wanawake kwenye benchi wakajiziba midomo kwa khanga. Akaweka kile kipembe cha mti cha kusikilizia mtoto juu ya tumbo la Eustadia, akainamisha sikio, na kwa mkono wa pili akashika kiganja changu na kuanza kukigonga kwa kidole. Haraka haraka, dada, kama kuku anayedonoa mtama. Nilidhani ananifanyia masihara. Akachomoa penseli sikioni pangu, akaandika: “Ndivyo unavyopiga moyo wake. Mimi siongezi kitu.” Akaendelea kugonga. Nikalia mbele ya wale wanawake wote.

Kabla hatujaondoka akaandika kwamba niseme na mtoto kila siku. Nikatikisa kichwa, nikamwonyesha koo langu. Akaandika kwa herufi kubwa: “HUYU HAJUI SAUTI YA BABA MWINGINE. ATAKUCHEKA KWA LIPI?”

Basi nikaanza. Nikitoka karakana, naweka shavu tumboni na kumweleza mbao za mninga nimezipata wapi na mteja gani kanisumbua. Majuma mawili, kimya. Kisha Jumapili moja, nikimtajia jina la babu yetu, akanipiga teke la shavu. Nikanyamaza, akatulia. Nikasema, akapiga tena! Eustadia alicheka mpaka nikahisi kitanda kinatikisika.

Dada, sasa lile jambo. Barua niliyokuandikia Aprili, kwamba mimi na Eustadia tumekubaliana uje umchukue mtoto umlee, kwa kuwa Mungu hakukujalia wa kwako, ilikuwa ya uongo. Eustadia hakujua lolote. Niliiandika kwa woga. Niliwaza mtoto analia ndani, mama yake kaenda kuteka maji, nami nimempa mgongo nikipiga randa. Upweke wako nikaufanya kisingizio changu.

Ukanijibu kwamba umeshashona nguo sita. Jibu lako nimelisoma mpaka karatasi imelegea. Juzi nilimwambia Eustadia yote, kwa mdomo wangu. Leo asubuhi akaandika: “Mwambie dada kabla hajapanda treni.”

Siwezi kukupa mtoto huyu. Wewe uliyenilea baada ya mama, wewe ndiye niliyekutendea hivi. Ukikasirika ni haki yako, na usiponijibu nitaelewa. Lakini ukiweza kunisamehe, njoo kabla Septemba haijaisha. Eustadia amesema jina la ubatizo ulichague wewe. Nami nina ombi langu: siku atakapolia mara ya kwanza, uwe karibu, uniambie sauti yake ikoje. Wengine wataniambia ni nzuri tu. Wewe utaniambia kweli.

Msalimie shemeji kabla ya wengine wote, na umsomee barua hii bila kuruka mahali.

Ni mimi mdogo wako mwenye kosa,
Raymundi Lugembe