Walipokata Mbao za Kukingama

Jumanne, 9 Aprili 2024

Niwie radhi, daftari langu. Tangu nilipokwenda Mikumi kwa mwanangu Lucas kutibiwa goti sikuandika hata neno. Goti lilinizuia kutembea, halikunizuia kuandika. Sina udhuru.

Leo nimerudi. Basi hadi Kilosa, kisha pikipiki hadi ukingoni, ng'ambo ya kitongoji chetu. Mto Mkondoa umejaa na daraja la miguu limekwenda na maji. Shemeji yangu Makarius, kaka wa mke wangu, akaja kunivusha kwa mtumbwi. Mtumbwi huo tuliuchonga sisi wawili. Mimi hukaa tezi, nyuma, na kuongoza, yeye hukaa omo, mbele, na pondo la kusukumia. Leo yuko tezi!

Ukasogea. Mbao mbili za kukingama hazimo. Tumbo wazi kama hori la ng'ombe.

Nikauliza ziko wapi. Akasema, "Karibu nyumbani, shemeji. Mikumi imekunenepesha."

Jumatano, 10 Aprili

Nimeukagua. Zimekatwa kwa msumeno, vipande vimebaki ubavuni.

Mtu asiyechonga huziona kuwa viti. Si viti! Gogo likishatobolewa, mbavu hutaka kufunguka. Mbao zile huzishika. Zikiondoka, chombo hujipinda kila mkondo unapokigonga, na kinachojipinda hakimsikii mwongozaji. Kitako chake tulikifanya bapa kisilewelewe, na tezi tukaiachia uzito ili isipepesuke. Kazi yote hiyo imeharibiwa ili pikipiki ziingie zikiwa zimesimama!

Kijana wa bodaboda, Zabron, aliniamkia vizuri. Shikamoo mzee. Marahaba. Kisha: "Mzee, sasa hii ni feri. Bado honi tu." Wote wakacheka. Makarius naye.

Alhamisi, 11 Aprili

Msumeno uliotumika ni wangu. Aliyeutoa ni Teresia, mke wangu.

Alinipigia simu Mikumi kila jioni. Habari za maharage, habari za kuku, habari za kwaya. La mtumbwi — kimya. Kumbe kitongoji kizima kilikutana, kikakubaliana, kikakubaliana pia nisiambiwe.

Nimemwuliza kwa nini. Amesema, "Ungekataa."

Naam, ningekataa!

Sikula.

Jumamosi, 13 Aprili

Nilisimama ukingoni nikamtazama Makarius akivusha pikipiki ya Zabron. Katikati ya mkondo mbavu zilifunguka, nikaona kwa macho yangu. Omo ikaenda huku, tezi kule. Zabron alikuwa ameikumbatia pikipiki kama mgonjwa. Walipofika nikaingiza mkono chini ya tezi. Ufa. Kidole kinaingia.

Nikawaambia waliokuwapo kwamba chombo hiki kisivuke tena. Jirani yetu Happyness akasema, bila kushusha sauti, "Mzee ana wivu. Kanyang'anywa kafi." Mwingine akamwambia anyamaze. Hakuna aliyesema ni uongo.

Jioni binti yangu Editha, ambaye ni mjamzito, aliniomba nipunguze ukali, kwa kuwa mjomba wake anajitahidi. Naye alijua tangu mwanzo.

Jumapili, 14 Aprili

Mambo yamebadilika.

Muuguzi wa zahanati alimpima Editha baada ya ibada. Mimba imefika wakati wake, miguu imevimba, presha iko juu. Ameagiza awe hospitali Kilosa kesho mapema. Hapa kwetu hawataweza kumsaidia, alisema hivyo mbele ya Editha mwenyewe. Njia ni mto tu. Zabron atamngoja ng'ambo na pikipiki.

Nikataka mbao zirudishwe. Teresia akanionyesha jiko. Zilikwisha kuwa kuni. Tumefunga fito na kamba mchana kutwa, Makarius na mimi. Mbavu zimerudi kidogo. Ufa haukufunga.

Baadaye Makarius alikuja, akabaki mlangoni.

"Shemeji, kesho ukae tezi wewe."

"Si umekwisha kuwa nahodha?"

"Kwa pikipiki nauweza. Akiwamo Editha sithubutu."

"Kwa hiyo unajua kwamba mtumbwi umeharibika."

"Najua."

Nikamwuliza tangu lini. Akafikicha kofia. "Tangu siku ya kwanza niliyovusha."

Tangu siku ya kwanza! Na watoto wa shule aliwavusha. Na kina mama wenye vichanga. Na alikuwapo nilipoitwa mwenye wivu, asinitetee. Huyu ndiye niliyemwachia kafi nilipoondoka.

Nikikaa tezi, nitakuwa nimesema mbele ya watu wote kwamba chombo kinafaa, na kesho kutwa pikipiki zitarudi. Goti hili nalo halijui kama litakunjika. Nisipokaa, Editha amekwisha kunijibu: "Baba, nitavuka na mjomba." Nikimzuia asivuke kabisa, ninamzuia asifike kwa daktari.

Makarius bado yuko nje. Teresia amempa kiti, amempa chai, sasa amekaa naye. Wananingoja.

Editha anafunga mzigo wake chumba cha pili. Ninasikia anavyopumua.

Nitaandika hapa nikishajua nimemjibu Makarius nini.