Nukta Tatu Chini ya Mfuniko

Jumatatu, 4 Agosti 1997
Kaka yangu Oliver ameandika historia ya karakana yetu. Itasomwa Jumamosi — miaka ishirini na tano ya kutengenezea shule na hoteli za Migori masinki na matangi ya kunawia mikono. Nimeisoma. Eti marehemu Baba alianza peke yake. Peke yake! Mama hayumo kabisa. Nikamuuliza. Akasema Mama alikuwa akiwapikia mafundi. Mafundi gani? Mwaka wa 1972 Baba alikuwa kitandani, mkono umeungua. Tangi la kwanza alilichomelea Mama. Oliver alikuwa na miaka minne, kamasi mpaka kidevuni. Hadi leo kila anachochomelea huachia na kung'oka ndani ya mwezi.

Namchukia. Basi.

Jumatano, 6 Agosti
Tangi lenyewe limeletwa kutoka shule moja ya Mbita, watu walione. Kutu tele, lakini mfereji wake bado unafunga maji. Nikainua mfuniko. Kwetu kila anayechomelea hugonga alama yake hapo kwa msumari: Baba nukta moja, Mama tatu. Ziko tatu! Nikamwita Oliver. Akatazama, akaniambia nikae na stoo yangu.

Mama naye: "Nyara, binti yangu, wachana na yeye. Mimi najua nilifanya." Siwachi.

Ijumaa, 8 Agosti
Tupa ya kusagia chuma ilichukuliwa stoo bila mimi kuulizwa. Imerudi na vumbi la kutu. Sijui nani.

Jumamosi, 9 Agosti
Sasa najua! Wageni wako uani chini ya turubai. Oliver akasoma uongo wake, halafu akainua mfuniko. "Mnaona? Nukta moja. Hiyo ni mkono ya Baba." Makofi! Hata pasta. Nukta mbili amezisaga kwa tupa, mshenzi huyu.

Mama akasimama. Akapitisha kidole gumba pale palipong'aa. Hakulia. Akasema kwa Kiswahili, si Kijaluo chetu, ili hata wageni wa Kegonga waelewe: "Marion, niletee nyundo na msumari."

Nikakimbilia stoo. Oliver akanifuata, akanifungia kwa nje. Ameegemea mlango, ananong'ona nisiaibishe familia, eti niseme nyundo imepotea. Nina hasira, ndiyo maana naandika.

Mama ameita jina langu mara ya pili.

Nyundo ninayo mapajani. Na bawaba za mlango huu alizichomelea Oliver.