Nimekipunguza Kiti Chako

Papa Neema, mume wangu,

Sikukuzika. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniamsha.

Siku vita vilipolipuka tena Bukavu, kule Kongo, daraja la Rusizi lilifungwa. Nilisimama upande wetu huu wa Cyangugu pamoja na akina mama wanaovusha nyanya, tukiitazama milima ya ng'ambo kana kwamba ingetuambia kitu. Wewe ulikuwa umevuka asubuhi, kwa miguu. Pikipiki uliiacha nyumbani Kamembe kwa sababu cheni ilikuwa imekwisha, ikiruka meno kila tulipopanda mlima, na ulisema kwamba kwa Mzee Bisimwa, pale anapouza vipuri Kadutu kule Bukavu, hutakosa nyingine. "Saa sita niko hapa," uliniambia. "Usikule mbele yangu."

Nilikungoja tule. Hata kesho yake nilikungoja.

Habari ililetwa na mmoja wa wale wauza nyanya, daraja lilipofunguliwa kidogo. Alisema ile risasi haikumtafuta muntu, ilipita tu. Ulianguka kwenye mteremko wa Kadutu. Mzee Bisimwa na wanawe walikubeba, wakakuzika kwenye shamba la familia yao kule juu ya Bagira, haraka haraka, bila padri. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamshukuru. Kisha nikaingia ndani nikaifunika sahani yako. Sijui kwa nini niliifunika.

Pikipiki ilikaa pale ukutani chini ya turubai, mvua zote zikaikuta hapo. Unakumbuka watu walivyoicheka tangu siku tuliporudi Rwanda, wewe ukiisukuma haina petroli, mimi nina Neema mgongoni na godoro kichwani? Ndefu, imelala chini kama ng'ombe anayecheua. Walisema hiyo ni pikipiki ya lami za wazungu, mlima wa kwanza utaishinda. Ulianza kuirekebisha. Uliinua usukani ili mikono isichoke. Ukaiwekea springi ngumu nyuma ili tumbo lake lisikwaruze mawe. Ukakunja mabomba ya maji, ukayachomelea ubavuni yalinde mashini na miguu ikianguka.

Na ile siku nilipokaribia kurushwa nyuma tukipanda kutoka Bugarama, nina mimba ya yule mtoto ambaye hakukaa, ulipunguza mwendo mpaka tukafika. Kesho yake ulichukua chuma cha kitanda kibovu, ukakifunga kwa bolti nyuma ya kiti changu, ukakivika sponji na ngozi. "Sasa uegemee, Maman Neema," ulisema. "Usinishike juu ya kuogopa. Unishike juu ya kunipenda."

Hivyo ndivyo ulivyonipeleka kazini kila asubuhi, kwenye kituo cha afya cha Nzahaha, kwa akina mama wangu wanaojifungua. Baada yako nilikwenda kwa miguu, au juu ya lori la mchanga nikibahatika. Nilichelewa sana, na watoto hawangoji. Asubuhi moja nilimkuta mama amejifungua peke yake barazani, amemfunika mtoto kwa kitenge. Mtoto alikuwa mzima. Mimi ndiye niliyelia.

Ndugu yako Emmanuel aliona ninavyohangaika. Alikuja kwa upole. Alikuwa amepata muntu wa Bugarama anayetaka mashini tu, injini yenyewe, aifunge kwenye kinu chake cha kukoboa mpunga. Mabaki yangekwenda kwa wanunuzi wa vyuma. Nilikuwa nimechoka, nikasema sawa. Yule muntu akaja na funguo zake za bolti, muntu wa heshima kabisa, akapiga magoti, akaanza kufungua egemeo langu kwanza maana lilimzuia kuona chini. Bolti ikalia ilipoachia.

Nikasema, "Acha."

Akainua kichwa. Nikamwambia tena, "Papa, unisamehe. Lirudishe kama lilivyokuwa."

Emmanuel alinitazama, kisha akainama akamsaidia kulirudisha.

Njia ilipotulia, Mzee Bisimwa akavuka kuja kwangu. Amezeeka, Papa Neema. Alileta koti lako, mke wake amelifua na kulipiga pasi, na ndani ya kitambaa chenye mafuta, cheni. Alisema ulikuwa umeishika. Walipotaka kukulaza vizuri ilibidi wakufungue vidole.

Alitaka kuiacha mezani aondoke. Nikamwambia, "Mzee, unifundishe."

"Kufunga cheni?"

"Kuifunga. Na kuendesha."

Alikipapasa kitambaa. Kisha akasema nitafute mafuta ya taa na mswaki wa zamani.

Tulimwaga petroli iliyooza, tukafungua kabureta na kupuliza vitundu vyake. Buji, ile inayotoa cheche, ilikuwa nyeusi kama makaa. Niliisugua kwa waya mpaka ikarudi rangi. Oili ya zamani ilitoka nzito kama uji uliolala. Mzee alishangaa nilipompa ufunguo kabla hajautaja. Lakini ni mimi niliyekushikia taa miaka yote ile, na macho yalikuwa yakijifunza. Tulipoiweka cheni niliipima kwa vidole kama ulivyokuwa ukifanya: iteremke kidogo, kwa sababu ikikaza inakula meno, na ikilegea inaruka. Ulikuwa ukijisemea hivyo ukidhani sikusikii.

Mashini ikawaka. Ule mlio wake mzito, wa taratibu. Neema akatoka ndani mbio, anaita, "Papa! Papa!" Alifika mlangoni, akaniona mimi.

Hakulia. Aligeuka akarudi ndani. Nikaizima, na siku ile hatukufanya kazi tena.

Likabaki jambo la kiti. Wewe ulikuwa mrefu. Mimi miguu yangu ilining'inia, haikufika chini wala kwenye vikanyagio ulivyovisogeza mbele. Vikanyagio tulivirudisha nyuma, na breki pamoja navyo. Kiti, Mzee alisema, lazima kipunguzwe. Alitaka kukikata yeye. Nilikataa.

Nilifumua ngozi uzi kwa uzi. Ndani, sponji ilikuwa imeshika umbo lako. Upande wa kushoto ulibonyea zaidi, kwa sababu ya ile nyonga iliyokuwa ikikuuma. Niliweka kiganja pale. Nilikiacha pale muda, Mzee akatoka nje akajifanya anatafuta kitu. Kisha nikachukua kisu, nikakata. Nikakata mpaka ikawa ya kukalia mimi. Vile vipande sikuweza kuvitupa, nimevishonea ndani ya mto wa Neema. Hajui.

Nilijifunzia kwenye uwanja wa mpira kule Nkanka. Nilianguka, vyuma vyako vikaupokea uzito wote, mguu wangu ukatoka mzima. Niliinuka nikikuita, halafu nikakumbuka. Watu wamesema sana, mwanamke na suruali juu ya dude lile, mjane tena. Siku hizi wananyamaza, kwa sababu ni dude lile linalofika kwao uchungu ukiwashika wake zao. Kabla sijatoka naangalia upepo wa matairi, nyaya za breki, oili. Jumamosi nasafisha cheni. Ile filta ya hewa naikung'uta mara kwa mara kiangazi, vumbi la Bugarama unalijua.

Na wiki iliyopita nilikuja kwako.

Walinipitisha darajani na pikipiki, nikapanda Bagira nikiwa nyuma ya Mzee Bisimwa aliyetangulia kwa miguu kunionyesha njia. Wamekutunza. Wamekuzungushia mawe, na mke wake amepanda maua yale mekundu. Nilikuwa nimeandaa maneno, yote yakapotea. Nilikaa chini, nikakuambia springi ya kushoto imeanza kuvuja oili. Ndicho nilichoweza kusema. Nikakusomea sala ambayo padri hakuisoma, nikaisoma vibaya.

Nikirudi, nikiwa peke yangu barabarani, nilielewa kitu. Aliye mbele hamwoni aliye nyuma. Miaka yote ile hukuuona uso wangu tukisafiri. Mkono wangu tu, hapa ubavuni, ndio uliokuambia nipo. Nilisimamisha pikipiki kando ya njia, nikajishika ubavu, nikalia mpaka mama mmoja akatua mzigo wake akaja kunishika bega.

Ndugu zako wanataka mifupa yako ije Rwanda. Nimewaambia wakuache kwanza ulale, umesumbuliwa vya kutosha. Lakini nakuahidi hili: kila kiangazi kikianza nitakuja, na Neema atakuwa nyuma yangu, ameegemea. Nitamwonyesha njia kona kwa kona, mpaka aijue hata siku ambayo mimi sitakuwepo kumleta.

Basi, lala, mpenzi wangu. Mimi naenda kazini, kuna mama ananingoja Nzahaha.

Wako,
Maman Neema