Sanduku la Bati Kambini Al Quoz

Alhamisi, 28 Juni 2007

Shule imefunga na sisi tumefungiwa nje. Mzee Mohdhar, aliyepanga fleti nzima hapa Muraqqabat, Dubai, halafu akaikata kwa mbao kama keki atupangishe vipande, alituita jikoni: Mama, mimi Auleria, na mdogo wangu Jeremy. Vijana wa vyumba vya mbele ni walinzi wa usiku. Mchana wanalala. Jeremy ana miaka minane na sijawahi kumwona akilala kwa hiari.

"Mama Auleria, watoto mchana hapana. Khalas, basi." Kuanzia Jumapili ya tarehe nane.

Mama hakubishana. Alisema hata yeye hawezi kumwacha msichana wa miaka kumi na mitano kutwa nzima na wanaume sita, wawe wamelala au wamekufa. Kwa hivyo tupate pa kushinda hadi Septemba, ama turudi Kakamega kwa Shangazi Pauline. Mama akisema "turudi" ni sisi wawili. Yeye na Baba wanabaki.

Kwa Shangazi nilikaa miaka minne nikingoja kuitwa huku. Sirudi. Hilo sikulisema jikoni. Mimi vitu huvisemea humu daftarini tu.

Ijumaa, 29 Juni

Baba amekuja, ni siku yake ya mapumziko. Yeye analala kambi ya kampuni kule Sonapur, watu kumi chumba kimoja. Aliposikia tunatafuta kambi ya likizo, ya watoto kushinda mchana, alicheka mpaka chai ikamwagika. "Yaani kuna watu wanalipa ili watoto wao wakae kambini? Waje tubadilishane."

Mama hakucheka. Akaifuta ile chai.

Jumapili, 1 Julai

Nimekabidhiwa simu na ukurasa wa matangazo ya kambi. Mama Kiingereza anakijua, ana miaka sita ya kusafisha vyumba hotelini, lakini anasema changu ni cha shule. Kiingereza cha shule! Mimi hata kumwita weita siwezi.

Kambi ya kwanza ni ya farasi. Mtoto aje na buti na kofia yake. Jeremy ana kandambili. Ya pili ni ya kuteleza kwenye barafu, humu humu jangwani. Ya tatu ni ya Kifaransa, na wazazi wote wawili wafanyiwe usaili kwanza. Ya nne — mtu alipokea, akasema halo, nikakata.

Nimemwambia Mama imejaa.

Jumanne, 3 Julai

Hoteli ya Mama ina kuponi za kambi kwa ajili ya wageni wenye watoto. Hakuna mgeni mwenye akili anayeleta mtoto Dubai mwezi wa Julai, kwa hivyo zimelala tu pale mapokezi. Mama ameomba, meneja amempa moja. Msimu mzima, Al Quoz, saa mbili asubuhi hadi saa tisa. Mtoto mmoja. Umri: minne hadi kumi na miwili.

"Na mimi?"

"Wewe mpeleke Jeremy, mengine tutaona mbele."

Ukoo wetu wote umejengwa juu ya kuona mbele.

Jumamosi, 7 Julai

Mama alisoma bweni. Akisikia neno kambi, mikono inaanza kupaki yenyewe. Limetolewa chini ya kitanda sanduku lake la bati, lile lile alilokuja nalo kutoka Kenya. Ndani: shuka mbili, blanketi, sabuni ya mche, Blue Band, dawa ya viatu, kufuli na funguo mbili. Kando, ndoo. Juu ya kifuniko amepaka JEREMY kwa rangi nyeupe, herufi kama za gari la polisi.

Nje ni digrii arobaini na sita. Blanketi.

Nimemwambia, Mama, saa tisa anarudi nyumbani. Akanitazama kwa huruma. "Hata sisi walituambia ni kuangalia shule tu. Nikakaa miaka minne."

Jumapili, 8 Julai

Tumeenda na gari la dobi la hoteli, katikati ya mashuka machafu. Kambi ni ghala lililopakwa kijani. Nilishuka na sanduku kichwani na ndoo mkononi, Jeremy mbele, mikono mitupu kama bwana shamba. Dada wa mapokezi alikagua kuponi, akaliangalia sanduku, akaniangalia mimi chini yake.

"Mayaya wanakaa kule nyuma."

Ningesema: mimi ni dada yake. Maneno mawili matatu. Nikaelekea nyuma.

Kule nyuma kuna vigoda vyekundu vya plastiki na wanawake kama kumi na wawili. Mmoja ni Mkenya, Mercyline, wa Kisii. Alinisoma kabla sijakaa. "Yaya gani huyu ana daftari?" Nikamweleza yote, kwa kunong'ona. Akacheka bila sauti. "Kaa hapo, mdogo wangu. Mtoto wanamuuliza umri. Yaya hakuna anayemuuliza."

Nikakaa. Na juisi nikapewa.

Jumanne, 10 Julai

Kambi yenyewe: mahema juu ya zulia la kijani, chini ya kiyoyozi. Moto wa jioni unawashwa saa nne asubuhi — vitambaa vya rangi ya machungwa, feni chini yake. Leo walitembea msituni, yaani walizunguka vyungu vitatu vya maua. Mwalimu akawaonyesha picha ya mbuzi. Jeremy akamwambia huyo mbuzi anaharisha. Amekuwa shujaa.

Watoto wote wanagombania sanduku la bati, wanalichezea ngoma. Hilwa, wa miaka sita, amehamia magotini pangu na hatoki.

Nyumbani nimedanganya. Nimesema wamenifanya msaidizi wa mwalimu. Mama ametangaza fleti nzima. Mzee Mohdhar kaniletea mahamri.

Alhamisi, 12 Julai. Kambini

Siku ya wazazi. Barua Jeremy alimpa Mama; mimi hakuna aliyeniambia hadi asubuhi. Mama anakuja, ameomba ruhusa kazini aje kuniona mimi, mwalimu wake.

Mama yake Hilwa amewahi. Anasema amependa nilivyo mkimya, yaya wake wa sasa ana mdomo. Anataka aongee na madam wangu aniachilie niende kwake. Nimejibu, "Yes, madam." Ndicho hicho Kiingereza cha shule.

Nikisema mimi ni nani, mapokezi watasikia, na Jumapili sina kigoda. Kakamega. Nikinyamaza, Mama anaingia ananikuta yaya.

Mercyline: "Sema, ama usiseme. Lakini hilo daftari funga." Silifungi. Naandika ili nisiinue uso.

Mama ameingia. Yuniform ya hoteli, beji, na kifuniko cha ndoo mkononi, eti tulikisahau. Mama yake Hilwa ameangalia ile yuniform, kisha akaangalia mlangoni nyuma ya Mama, kama mtu anayengoja wa pili aingie. Amemuuliza: madam wa huyu msichana yuko wapi?

Mama amenitazama. Ametazama vigoda, wale wanawake, sanduku.

Amevuta kigoda, amekaa kando yangu, kifuniko mapajani. Ametoa sauti yake ya kupokelea wageni. "Madam hakuweza kuja. Amenituma mimi. Karibu."

Mkono wake uko gotini pangu, unabana. Sijui unaniambia ninyamaze ama niongee.

Mama yake Hilwa naye amekaa. Anauliza kama ninajua kupika.

Mama anafikiria, kana kwamba kazi hiyo naweza kuichukua kweli.