Kitambaa Nilichokipandisha

Chumba cha wajenzi wa jukwaa,
Nyuma ya karakana,
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi sana. Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na shemeji kikohozi kimemwachia? Mimi mzima, ila mabega hoi. Vyuma tunavyobeba havijui huruma.

Yule mwanamuziki wa roki, mwenye gitaa linalonguruma kama jenereta bovu, amerekodi albamu yake hapa ukumbini, mbele ya watu. Mapato yote ni ya lile shirika la watoto, lile lile linalomlisha mwanangu Kidoti mchana huko kituoni kwao. Kwa hilo nawashukuru, siwezi kuwa mnyimi wa shukrani.

Kazi yangu ilikuwa kamba. Wimbo wa tatu ukianza, nishushe kitambaa chenye picha kubwa. Nikashusha. Dada, nikaona kile kidoti chini ya jicho. Mwanangu, mkubwa kama nyumba, analia, na chini yake wameandika: "Hana mtu duniani."

Hana mtu! Na wewe uliyemlea tangu mama yake afariki? Siku ile walipompiga picha alikuwa analilia jino linalomuuma, wewe mwenyewe uliniandikia. Mpiga picha akaona machozi, akaona mali.

Nikakipandisha juu. Msimamizi akaja mbio.

"We mzee, umechanganyikiwa? Shusha!"

"Sishushi. Huyo ana baba."

"Baba mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye huyu unayemfokea!"

Nilipaza sauti mpaka vinasa sauti vikaidaka. Mwanamuziki akageuka, akanitazama, akaendelea kuimba na ukuta mtupu nyuma yake. Watu wakashangilia vilevile.

Jana msimamizi kaniita. Wanaitaka picha ile kwenye jalada la albamu. Nikikubali, kazi ninayo. Nikikataa, Jumatatu nisije. Nikamwambia Jumatatu nitalala.

Kwa hiyo wakija kwako na karatasi, usitie sahihi wala kidole. Wakimtaka Kidoti, wamngoje acheke, na waandike kwamba ana baba na shangazi. Wasipotaka, jaladani waweke gitaa. Kituoni aende kama kawaida, ale ashibe. Sahani ya chakula haikununua uso wake.

Mwezi huu huenda nisitume kitu. Mnivumilie, mikono bado ninayo.

Nisalimie shemeji, mama mkubwa, na yule fundi viatu jirani yetu mpenda ubishi. Mungu awafunike mlalapo na mwamkapo.

Ndimi ndugu yako akupendaye,
Baba Kidoti