Bakuli Lililopita Mlangoni Kwako

Kwako nyieka, mke mwenzangu, Nyar Rusinga, binti wa Rusinga,

Wanawake wa kanisa bado wanalicheka neno ulilolisema mbele yao kabla hujafa. Wananikuta sokoni Homa Bay, wananishika mkono na kusema, "Mama yule alikuwa na mzaha hadi mwisho." Mimi natabasamu na kuendelea kukunja nguo zangu za mitumba. Nakuandikia wewe, lakini barua hii siifungi. Nataka na wao waisome, maana walisikia neno moja tu.

Unajua kwamba naandika shajara. Ulikuwa ukiicheka. "Nyar Kosele anaandika kwamba mvua imenyesha, kana kwamba sisi wengine hatukulowa." Wiki hii nimezisoma tena shajara za miaka ile. Sikuzisoma ili nikumbuke, kwa kuwa sijasahau kitu. Nilizisoma ili nisikuongezee. Yaliyo yako yanakutosha bila chumvi yangu.

Nilipoolewa, wewe ulikuwa mikayi, mke wa kwanza, na nyumba yako ilitazama lango moja kwa moja. Anayeingia bomani huuona mlango wako kabla ya mwingine wowote. Yangu ilikuwa pembeni, upande wa kulia. Nilifika na sanduku la bati na cheti cha kidato cha nne, nikainama, nikakuita mama. Ukajibu mbele ya mzee, mume wetu, "Mimi si mama yako. Mama yako amekula ng'ombe zetu, ameshiba, amelala." Mzee akacheka. Na mimi nikacheka, kwa kuwa ndiyo kwanza nimeingia na sikujua kama naruhusiwa kufanya jambo lingine.

Sikujaliwa mtoto. Hilo ulilisema mara nyingi kuliko mimi, kwa hiyo nitalipita. Katika boma letu kila mke alipika kwake na kumpelekea mzee sahani, naye mzee alionja kila sahani hata kama ameshiba. Sahani ikirudi bila kuguswa, mwanamke anaelewa. Wewe ulikuwa na wana wanne wa kuonyesha kwamba wewe ni mke. Mimi nilikuwa na sahani.

Ndipo koo la mzee likaanza kuziba. Hospitalini hawakutuficha. Alilazwa kwako, kama desturi inavyotaka, katika nyumba ambamo angetolewa siku ya kuzikwa. Nikaleta ugali na samaki, vikarudi. Nikaleta uji, ukarudi, kwa kuwa ulimnata kooni akapaliwa. Vyako pia vilirudi, lakini vyako vilirudi ndani ya nyumba yako mwenyewe, na hakuna aliyeviona. Vyangu ulivirudisha wewe. Ulivuka ua polepole, sahani umeiinua kama mtu anayepeleka zawadi, mpaka wanawake waliokuja kumjulia hali mgonjwa wageuke.

"Nyar Kosele, chukua. Hata kuku wangu wamekikataa."

Wakacheka. Jioni hiyo ndipo nilipomkumbuka Silvano.

Kabla sijaolewa nilikuwa karani wa stoo huko Migori, kwenye kambi ya wahandisi wa Kijapani waliokuwa wakijenga barabara. Silvano alikuwa mpishi wao. Walimfundisha kukanda unga wa ngano, kuukunjua, kuukata tambi ndefu, na kuzitia ndani ya supu. Supu ile aliipika kwa omena, wale dagaa wa ziwani, waliokauka, mifupa ya kuku na tangawizi, akaichuja mpaka ikawa maji ya rangi ya dhahabu. Mhandisi mmoja mzee aliyekuwa ameng'olewa meno aliishi kwa bakuli hilo muda wote niliokuwa kambini. Kambi ilipovunjwa, Silvano alikuja Homa Bay akafungua hoteli karibu na soko. Kwenye kibao aliandika Tambi za Japani. Watu waliiita Hoteli ya Minyoo, lakini walikula.

Silvano alifuata utaratibu wa wale Wajapani hata katika kupeleka chakula. Unaagiza asubuhi. Mchana chakula kinakufikia kwa baiskeli, ndani ya sanduku la mbao: bakuli la tambi lililofunikwa, na supu peke yake ndani ya thamosi, kwa sababu tambi zikikaa ndani ya supu njiani zinavimba na kuwa ugali mbaya. Mlaji anamimina mwenyewe. Kesho yake baiskeli inarudi kuchukua bakuli. Mpelekaji alikuwa Hamisi, mtu wa Mombasa, mpole, Kiswahili chake kama cha redioni, na Kidholuo hajui zaidi ya salamu.

Niliagiza nikienda kufungua kibanda changu, nikabaki sokoni, maana kibanda ndicho kilicholipia bakuli. Jioni niliporudi nilisikia sauti ya mzee kutoka kwako. Ilikuwa na nguvu kidogo. Shajara yangu ya siku hiyo ina neno moja tu: Amekula.

Niliingia nikitabasamu. Nilitaka kumwona. Ulikuwa umeketi kwenye kigoda chako, na mbele yako kilikuwa chungu chako cha udongo, ndani yake supu ile imebaki kidogo. Bakuli la Silvano ulikuwa umeliosha na kulificha nyuma ya mlango.

"Mikayi amenipikia," mzee aliniambia. "Mwone. Baada ya miaka yote hii, bado anajua kunipikia."

Kesho yake nilimngoja Hamisi sokoni. "Mama, nilijuaje?" akasema. "Nimeingia langoni, mlango ulio mbele yangu ni mmoja. Mama mkubwa akatoka, akasema yeye ndiye mwenye nyumba. Kwetu anayesema ndiye mwenye nyumba, ndiye."

Nilimwambia anipelekee kwangu na aweke mezani. Siku hiyo nilifunga kibanda mapema, nikaja, nikamimina supu, nikavuka ua nikiwa nimeshika bakuli kwa mikono miwili. Ukasimama mlangoni. Unakumbuka ulivyosimama, mkono mmoja kwenye mwimo huu na mwingine kwenye ule?

"Hicho ni nini?"

"Chakula cha mzee. Unakijua, ndicho alichokula jana."

"Jana alikula cha chungu changu. Hicho ni cha hoteli. Mke gani anamnunulia mume mgonjwa chakula cha hoteli? Umeshindwa kuzaa, na kupika pia umeshindwa? Nyumba hii haiingizwi minyoo."

Ulisema kwa sauti ya kufika ndani. Nilisimama mpaka supu ikapoa. Siku ile hakula, na jioni nilimsikia akikuuliza, "Leo hukunipikia?" Nawe ukamjibu kwa upole ambao sijawahi kukusikia ukiutumia kwa mtu mwingine, "Leo sikupata nafasi. Kesho."

Kisha ukaja kwangu. Hukuketi. "Agiza," ukasema. "Mwambie yule Mswahili apite kwangu. Ukiacha kuagiza, mzee atakufa kwa mkono wako, na nitawaambia hivyo kaburini."

Watu wataniuliza kwa nini sikumweleza mzee. Nilimweleza, siku uliyokwenda kisimani. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto anayedanganya ili apendwe. "Usimwonee wivu mwenzako," akasema. "Amechoka kwa ajili yangu." Ulikuwa umeshamwandaa.

Basi nikaagiza. Kila asubuhi nilipita kwa Silvano, na kila mchana Hamisi alipita mlangoni kwako, nawe ukamimina jasho langu ndani ya chungu chako. Na bado nilipika sahani yangu ya jioni, kwa kuwa mke haachi kupika, na bado uliivusha ua ukiirudisha. Wageni walipokuuliza siri yako, uliwaambia ni omena wa Rusinga, kwamba wanawake wa kisiwa chenu wanajua kuwachemsha. Nilikuwa nimeketi pale. Ukanigeukia, "Si ndiyo, nyieka?" Nikasema ndiyo, kwa kuwa thamosi ya kesho ilikuwa mikononi mwako.

Siku mzee alipowaita ndugu zake, tulisimama wote wawili kando ya kitanda. Alikuwa amekonda mpaka blanketi lilimwonea. Akasema, "Nyar Rusinga amenilisha mpaka leo. Wanangu wasisahau." Wewe ukainamisha kichwa. Kisha akanitafuta kwa macho, akanipata. "Na huyu mwingine," akasema, "huyu alichoka mapema."

Mtu anayekufa hakatizwi. Niliungoja mdomo wako ufunguke. Ulikuwa na muda wa kusema, na ulikuwa umeshashinda. Neno moja lisingekupunguzia kitu. Ulimpangusa jasho.

Tangu hapo ukoo wa mzee uliniita hivyo, Aliyechoka Mapema. Mpaka watoto walijua.

Miaka ikapita, na upande wako wa kulia ukafa. Uliamka ukaanguka, mdomo ukapinda, mkono ukalala. Wanao walituma pesa kutoka Nairobi. Wake zao walikuwa na kazi, na shule za watoto, na mafua. Bomani tulibaki mimi na wewe. Ulipaliwa na ugali, ukapaliwa na uji, na siku moja ukanivuta nguo kwa mkono ulio mzima, ukasema kwa ulimi mzito, "Supu. Ya Hamisi."

Kumbe ulilijua jina lake halisi. Miaka yote ile uliiita supu ya chungu chako.

Niliagiza. Bakuli likaja, lile lile jeupe lenye ukingo wa buluu, na Hamisi, mwenye mvi sasa, akalileta kwako bila kuuliza. Nikamimina. Nikaketi kwenye kigoda chako, kijiko mkononi, nikakuuliza, "Nani amekuletea?"

Ukageukia ukutani. Nikaliweka bakuli mahali ambapo harufu ingekufikia. Tambi zikainywa supu yake zikavimba, nikampa mbwa.

Mara ya pili hukugeuka. "Wewe," ukasema.

"Mimi nani?"

"Nyar Kosele."

"Na mzee, nani alimletea?"

Ulilia kwa jicho moja; la pili halikuweza tena. "Wewe."

Nikakulisha. Nilikulisha vizuri, na hilo hutalikana hata huko uliko. Nilikupulizia supu, nilikukatia tambi ndogo ndogo, nilikufuta kidevu. Hakuna siku nilikulisha kabla ya jina langu, na hakuna siku nilikunyima baada yake. Uliniomba niache kuuliza. Sikuacha. Kwa mara ya kwanza katika boma hili, chakula changu kilikuwa na mwenyewe.

Lakini tulikuwa wawili tu, na mzee alisema mbele ya watu. Nikawaalika wanawake wa kanisa waje kukuombea. Nikamwalika na shemeji yetu, yule aliyesimama kando ya kitanda cha mzee siku ile. Waliketi wakaijaza nyumba yako yote. Baada ya sala nikafungua thamosi, nikamimina mbele yao, nikakuuliza kama nilivyokuuliza kila siku, "Mama, nani amekuletea chakula hiki?"

Ulinitazama. Mwili wako ulikuwa nusu, lakini jicho lile lilikuwa zima kabisa.

"Hamisi," ukasema.

Nyumba ikaangua kicheko. Shemeji alicheka mpaka akakohoa. "Kweli kabisa! Si ndiye aliyekileta? Mikayi, akili yako haijaguswa!" Wanawake wakapiga makofi, wakakubusu paji la uso. Nawe ukacheka kwa nusu ya mdomo uliyokuwa nayo, ukaupanua, ukangoja kijiko. Nikakulisha, kwa sababu walikuwa wakitazama.

Kesho yake tulipokuwa wawili nikakuuliza tena. "Hamisi," ukasema. Keshokutwa, "Hamisi." Ulikuwa umepata kitu kitamu kuliko supu. Basi nikarudi kukupa uji, ule unaonata, kijiko kidogo kidogo, bila swali lolote. Wanaosema nilikuacha na njaa wamuulize daktari aliyekuona. Ulikula kila siku. Supu ndiyo hukuipata tena, na ulijua bei yake, na ulikuwa nayo mdomoni mpaka siku ya mwisho. Hukuitoa.

Siku ya mazishi yako walisema ulikuwa mke aliyemlisha mume. Nilikuwa nagawa chai.

Sikuombi radhi, nyieka, na sikusamehe. Nilidhani kifo chako kingeniachia nafasi. Kimeniachia ua mpana tu. Hakuna wa kuvuka akirudisha sahani yangu, na hakuna wa kumpelekea.

Nyumba yako imeanza kuanguka upande unaopigwa na mvua. Wanao walitaka kuishikiza kwa nguzo, nikawaambia desturi hairuhusu, iachwe ianguke yenyewe. Naitazama kila asubuhi.

Jana sikwenda sokoni. Jirani alikuwa akienda mjini, nikamtuma kwa Silvano aniagizie bakuli langu mwenyewe, la kwanza tangu Migori. Mchana Hamisi akaingia langoni, na kwa mazoea ya miaka akaenda moja kwa moja hadi mlangoni kwako. Akateremsha sanduku, akabisha hodi. Nilikuwa nimeketi kizingitini kwangu, namwona. Akabisha tena. "Hodi, mama mkubwa. Chakula."

Nilimwacha abishe mpaka akakumbuka.

Mke mwenzako uliyemwachia boma,
Nyar Kosele