Chupa Saba za Balangdalalu

Daktari, shikamoo.

Najua hutaitika. Mimi Yakobo wako niko kwenye benchi nje ya ofisi ya afya hapa Katesh, kikapu kipo katikati ya miguu yangu, na mlango haujafunguliwa.

Kwanza nijisifu kidogo. Jarida lenye utafiti wako lilifika posta wiki tatu baada ya kukuzika. Mke wako alinipa nakala huku analia. Kiingereza changu ni cha darasa la saba, tena la kufeli, lakini jina langu nililiona pale mwishoni, kwenye shukrani. Nikalizungusha jarida kantini nzima ya shamba la ngano. Madereva wa kombaini walilishika kwa mikono yao ya grisi, nami nikawaeleza ile tezi ya shingoni: inatengeneza homoni, homoni inaupangia mwili uchome chakula kwa kasi gani. Madini joto yakikosekana kwenye chumvi, tezi inavimba kwa kuhangaika bure, na mtoto aliye tumboni anaweza kuzaliwa akili imezubaa. Wakaniita Profesa, kama ulivyonitania wewe.

Halafu mwalimu mmoja akanisomea jedwali. Balangdalalu: wanawake saba, madini joto ya kutosha.

Daktari, hao wanawake saba ni mimi.

Siku ile ulilala na homa, ukanituma peke yangu na baiskeli nikalete mkojo wa wanawake saba wa boma moja, upimwe madini joto. Boma lenyewe ndiko alikoolewa dada yangu Paskalina. Mama mkwe wake alikuwa amekaa mlangoni. Ningemwambiaje dada yangu, mbele ya mkwe wake, anipe mkojo kwenye chupa? Wewe ungeweza, una miwani. Mimi nilisalimia, nikanywa maziwa, nikaaga. Nyuma ya kichuguu nikazijaza zote saba. Nilikuwa nimemaliza birika zima la chai, kazi haikuwa ngumu. Sikukumbuka kwamba mimi nakula kantini, chumvi ya pakiti, na wao wanakula ile wanayookota kando ya ziwa.

Majibu ya maabara yalipokuja ukaniita. "Profesa, hawa saba wanafanana kama mapacha." Nikajibu bila kupepesa: "Wanakula chungu kimoja, Daktari." Ukacheka, ukaandika. Mwalimu anasema hata hilo limo. Uongo wangu umechapishwa, tena kwa Kiingereza kizuri.

Sasa sikia. Vidonge vya madini joto vimefika wilayani. Orodha ya vijiji wameitoa kwenye jarida lako, Balangdalalu haimo, na gari linaondoka kesho. Na Paskalina ana mimba. Juzi aligeuka kunikaribisha, nikaona shingo yake... Shanga zake za shingoni hazifungi tena, Daktari. Amezining'iniza ukutani.

Leo alfajiri nilirudi kwao. Nikamwamkia mama mkwe, nikapanga chupa saba chini mbele yake, nikamweleza yote, nikaenda kusimama kwa ng'ombe nimewapa mgongo. Nikamsikia: "Kijana, kwani ulidhani sisi hatukojoi?" Boma zima likacheka. Chupa zikajaa kabla ng'ombe hawajatoka zizini. Aibu yenyewe ilikuwa hiyo tu. Ningeimeza mwaka jana, nisingekuwa kwenye benchi hili.

Kinachonitetemesha ni jina lako. Nikisema, watadai ulikuwa mzembe. Nisiposema... hapana, hakuna nisiposema. Nimechukua kalamu, nimeandika pembeni ya jedwali: "Hawa saba ni Yakobo. Daktari alidanganywa." Nimeweka sahihi. Nisamehe kwa kulichafua jarida lako, na kwa kukucheka moyoni siku ile uliponiamini.

Lala salama, mzee wangu. Nakuahidi nikiingia sitoki ofisini humo mpaka Balangdalalu iandikwe kwenye orodha, hata wakiniitia mgambo. Na mtoto akizaliwa nitakuja kaburini kukuambia analia kwa sauti gani.

Nasikia ufunguo unazunguka. Kikapu cha chupa nakibeba kwa mikono miwili, kama ulivyonifundisha.

Yakobo